Siku Ubao Ulipogeuza Boma

Asubuhi mwanga uliingia studio kwa dirisha linalotazama barabara ya Isebania, mama. Ulipanda meza, ukapita juu ya vumbi la mbao, ukatulia kwenye kioo chenye wino, na ule weusi ukang'aa hadi nikauona uso wangu ndani yake. Nikajikonyeza, kwa kuwa nilikuwa na raha.

Nje, Migori ilikuwa imeshaanza kelele zake. Bodaboda zilipiga honi bila sababu, makanga waliita Rongo, Rongo, Kisii, na mwanamke mmoja alitangaza nyanya zake kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Ndani kulikuwa kimya. Ndani kulikuwa na harufu ya wino na mbao, na rola ya kupakia wino ikienda na kurudi, ikienda na kurudi.

Rola ina lugha yake, mama. Wino ukiwa mwingi hunata na kunung'unika. Wino ukiwa sawa husikika kama chapati ikiguswa na mafuta, na hapo mkono hujua kwamba wakati umefika.

Hujawahi kuniuliza kazi hii hufanywaje, nami sijawahi kukueleza. Kati yetu maneno hutembea kwa adabu nyingi mno, hubisha hodi hata pale mlango ulipo wazi. Basi leo nikueleze, maana bila hayo hutaelewa nilichokufanyia.

Unachukua ubao laini. Unachora juu yake. Unakata kwa patasi ndogo, ndogo kuliko kidole, ukiondoa nyama ya mti pale unapotaka pawe peupe. Kilichokatwa hubaki cheupe. Kilichoachwa hushika wino. Kisha unalaza karatasi juu ya ubao, unaisugua mgongoni kwa mwiko wa ugali, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni. Unashika pembe moja. Unavuta.

Na kilichokuwa huku, mama, huenda kule. Karatasi na ubao hulala uso kwa uso, na watu wawili wakitazamana, mkono wa kulia wa mmoja hukabili mkono wa kushoto wa mwenzake. Ndiyo maana Mwalimu Shamima hutuambia kila siku, hata kabla hajaweka mkoba wake chini: "Geuza kabla ya kukata."

Geuza kabla ya kukata. Nimelisikia neno hilo hadi limekuwa kama honi za bodaboda, linaingia sikio moja na kutokea la pili. Maana nilikuwa nimechapa nini hadi leo? Samaki. Kikombe. Kuku wa jirani yetu mwenye nyumba, yule mwenye kiburi. Na samaki akitazama huku au akitazama kule ni samaki tu, hakuna atakayelala njaa.

Lakini boma si samaki.

Wewe ndiwe uliyeniomba boma. Ulipiga simu jioni moja, ukauliza kama nimekula, ukauliza kama mvua inanyesha Migori, kisha ukasema, "Truphena, si unachora? Chora hapa nyumbani. Siku ya kumbukumbu ya baba yako nataka kuweka kwa ukuta, watu wakuje waone. Umweke na yeye, pale amelala." Halafu ukakata simu haraka, kana kwamba umeomba chumvi kwa mtu msiyezoeana naye.

Nilikaa na ile simu mkononi. Tangu nianze chuo hiki hukuwahi kuiita kazi yangu kazi. Uliiita ile masomo yake ya rangi. Sasa ulikuwa umeniomba kitu ambacho mikono yangu pekee ingeweza kukupa, na nikaapa, bila kuapa kwa sauti, kwamba nitakupa kilicho bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Nikachora unachokiona wewe ukikaa mlangoni jioni. Nikachora miimo ya mlango, mwimo huku na mwimo kule, na katikati uwanja, na mbali lango, na ua wa minyaa uliokosa kunyoka tangu mwenyewe aondoke. Upande wa kulia nikachora kaburi la baba. Upande wa kushoto nikachora uwanja mtupu unapoanika karanga, na kando yake kiti chake cha mbao, kile chenye mkono mmoja, ambacho hutaki kiingizwe ndani wala kitolewe.

Kwetu Wajaluo haya hayahitaji kufundishwa. Ukisimama mlangoni ukielekea lango, mwanamume huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na mwanamke hulala upande wa kushoto. Mtoto huyajua kabla ya kujua kuhesabu. Anajua wapi patakuwa pa baba na wapi patakuwa pa mama, na anacheza hapo hapo bila kuogopa, kwa kuwa bado ni ardhi tu.

Wenzangu walichora kwenye karatasi nyembamba, wakaibandika kwenye kioo cha dirisha, wakaigeuza, ndipo wakahamishia ubaoni. Mimi nilikataa. Nilichora juu ya ubao moja kwa moja, macho nusu yamefumba. Niliogopa kwamba nikigeuza nitapotea. Nilitaka mkono utembee bomani kama miguu inavyotembea, huku kwake, huku kwako, bila kuuliza njia.

Basi mkono ukatembea. Ukakata minyaa, jani kwa jani. Ukakata saruji ya kaburi na msalaba wake na yale maua ya plastiki aliyoleta shangazi. Ukakata kiti. Siku zikapita nikikata, maranda yakijaa kwenye nywele zangu, na kila jioni nilipuliza vumbi, nikaona kila kitu kiko mahali pake. Nililala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchapa. Leo ndiyo ulikuwa uje uichukue, upitie na dukani kwa Abdishakur kununua kitambaa cha meza ya wageni.

Nikalaza karatasi. Nikasugua. Nyanchoka, rafiki yangu wa meza ya pili, alikuwa akiimba kwa pua kama kawaida yake. Nikashika pembe. Nikavuta.

Kwanza niliona minyaa, na ilikuwa mizuri, mama, kila jani lilikuwa limesimama. Niliona lango. Kisha niliona kiti cha baba, na kilikuwa upande wa kulia. Upande wake. Kimekaa hapo kama mtu ameinuka sasa hivi kwenda kufunga ng'ombe, atarudi.

Na mimi, kwa muda wa kupepesa jicho, nilifurahi.

Sikufichi. Nilifurahi. Moyo uliruka kabla kichwa hakijaamka. Uliona kiti, uliona upande wa kulia mweupe, hauna saruji, hauna msalaba, ukasema, kumbe yupo.

Kisha nikatazama kushoto.

Nilipigwa na butwaa. Karatasi ilikuwa imening'inia mkononi, mbichi, na kwenye karatasi ile kaburi lilikuwa limelala upande wa kushoto wa nyumba. Saruji yake, msalaba wake, maua yake. Pale pa karanga. Pale pako.

Nilikuzika, mama. Wewe uliyenipigia simu juzi kuuliza kama nina sweta. Nilikukatia kaburi kwa patasi ndogo kuliko kidole, siku baada ya siku, nikipuliza vumbi, nikijisifu.

Nyanchoka aliacha kuimba. Akaja akiwa anafuta mikono, akatazama juu ya bega langu. Nyanchoka ni Mkisii, na kwao pia pande za nyumba zina wenyewe. Aliweka mkono mdomoni, akauacha hapo.

"Tru," akasema kupitia vidole. "Huyo amelala hapo ni nani?"

"Baba."

"Hapo si kwa baba."

"Najua."

"Na mama yako si ako hai?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Shamima akaja kwa mwendo wake wa taratibu. Wazazi wake walifika Migori kufanya biashara ya nguo, na hapa ndipo alipozaliwa, lakini kwao makaburi yote huelekea upande mmoja, na hakuna anayeuliza mlango wa nyumba uko wapi. Akaitwaa chapa kwa ncha za vidole, akaipeleka penye mwanga.

"Safi kabisa," akasema. "Weusi umekaa, mistari imetoka. Hii ndiyo kazi yako bora, Truphena. Mbona hujafurahi?"

Kazi yangu bora. Nilitaka kucheka, nikatoa sauti nyingine. Nyanchoka ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, akionyesha kwa mkono, huku mwanamume, huku mwanamke. Mwalimu Shamima alisikiliza hadi mwisho. Akaitazama tena ile chapa, na safari hii nikamwona akiiona. Akaishusha polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Hukugeuza," akasema. Hakukaripia, na laiti angekaripia.

Unajua nilifanya nini, mama? Nilipaka wino tena nikachapa ya pili. Ndiyo, mimi, mwenye kidato cha nne na vyeti. Nilichapa ya pili kana kwamba ubao ungejirudi, kana kwamba ungeona haya. Ikatoka vile vile. Nikachapa ya tatu, nikisugua kwa hasira hadi mwiko ukapata joto. Kaburi kushoto. Kiti kulia. Ubao hauna huruma wala kinyongo, unasema ulichouambia useme.

Nikazitundika kwenye kamba zikauke, kwa sababu mikono ilijua tu kufanya hivyo. Zikaning'inia dirishani, boma na boma na boma, na katika kila boma ulikuwa umekufa.

Nikakupigia simu. Ilikuwa imezimwa. Wewe huzima simu ukiwa safarini, eti moto wa betri usiishe, kisha ukifika husahau kuiwasha. Nikajua uko mahali fulani kati ya Homa Bay na hapa, umekalia mkoba wako, labda nyuma ya lori la miwa pale Awendo, na hakuna wa kukurudisha.

Nikaanza kutunga uongo. Wino haujakauka. Ubao umepasuka. Mwalimu amezichukua kwa maonyesho. Chuo kimefungwa, rudi. Nilitunga mwingi na kila mmoja ulikuwa na mguu mfupi. Lakini si hilo lililonitisha, mama. Makosa ya kazi hutokea, hata fundi wa milango hukosea upande wa bawaba. Kilichonitisha ni ule muda wa kupepesa jicho. Kilichonitisha ni kwamba nilifurahi.

Kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa baba. Sote tulijua. Majirani waliniita Nyar Obare kwa utani, binti ya Obare, kana kwamba alinizaa peke yake. Yeye alikuwa wa hadithi na wa baiskeli, wa kunibeba mbele hadi kwa wauza samaki na kunirudisha na miguu imekufa ganzi kwa kucheka. Wewe ulikuwa wa kula, oga, funga mlango, umesoma? Yeye alirudi nyumbani nami nikakimbia. Wewe hukurudi popote, kwa kuwa hukuwa umeondoka. Na nani humkimbilia mtu ambaye yupo tu?

Alipokufa hospitalini, sikulia kifuani mwako. Nililia kwenye kiti chake. Wewe ulipika kwa ajili ya wageni, ukaosha sufuria, ukapika tena. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisalimiana kwa adabu.

Kwa hiyo, nilijiuliza nikiwa nimesimama chini ya kamba, je, ni mkono uliosahau? Au mkono ulikumbuka kitu ambacho mdomo haukuthubutu?

"Kuna njia," Mwalimu Shamima akasema baadaye. Alikuwa akigeuza mwiko mkononi. "Unachapa tena, wino mzito. Kabla haujakauka, unalaza karatasi mpya juu ya ile chapa, si juu ya ubao. Unasugua. Itashika. Itatoka hafifu, nusu ya wino itabaki huku. Lakini itakuwa imegeuka tena. Kila mtu atarudi upande wake."

"Itatoka?"

"Itatoka mara moja tu. Ya pili haitakuwa na kitu."

Nikapaka wino. Rola ilinata na kunung'unika, nami nikaiacha inung'unike. Nikachapa ya nne, nyeusi tititi, ikimeremeta kwa ubichi, na nikailaza mezani uso juu. Nyanchoka alikuwa ameshika karatasi mpya kwa pembe zake zote, ametanua mikono, ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua kuliko zote.

"Hodi hapa. Hamjambo walimu wote?"

Ulikuwa umesimama mlangoni, mama, na sweta lako la kijani, na mkoba, na mfuko wa karanga wa kumpa mwalimu. Vumbi la safari lilikuwa kwenye viatu vyako vya kanisani. Uliwaita wote walimu, hata Nyanchoka mwenye wino puani.

"Nimefika mapema," ukasema. "Gari ilikuwa inakimbia tu, yawa, hata Awendo haikusimama. Iko wapi hiyo picha?"

Hakuna aliyesogea. Kama tungesogea pengine usingeinua macho. Lakini dirisha lilikuwa mbele yako, na kamba ilikuwa dirishani, na boma lako lilikuwa kwenye kamba mara tatu.

Ulitabasamu kwanza. Uliijua minyaa yako. Uliinua kidole kuielekea, na mdomo ulikuwa tayari kusema jambo. Kisha kidole kikasimama hewani.

Ulifanya jambo ambalo sitalisahau. Uliweka mkoba chini. Ukasimama kama unavyosimama mlangoni kwako, miguu sawa, uso mbele. Ukainua mkono wako wa kulia kidogo, ukautazama, ukautazama ubavu ule wa karatasi, ukaushusha. Ukainua wa kushoto. Ukautazama. Ukatazama karatasi.

"Mano an," ukasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini. Huyo ni mimi.

Niliona aibu kuanzia unyayoni. "Nilisahau kugeuza, mama. Karatasi hugeuza vitu. Nilipaswa kuchora kinyume nikasahau. Ni makosa tu."

Hukuwa unanisikiliza. Ulikuwa umeisogelea ile ya katikati, umeinama, miwani yako ukiwa umeisahau nyumbani kama kawaida. "Na kiti ya Obare iko upande yake," ukasema. "Ona. Hakuna kitu imejengwa hapo. Yeye ako tu. Ametoka nje kidogo."

Mama, niliposikia hivyo nilijua umesoma kila neno. Hukusoma picha. Ulinisoma mimi.

"Mama Truphena," Mwalimu Shamima akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika sufuria ya moto, "tuko katikati ya kurekebisha. Wino ukikauka itakuwa basi. Utatusamehe tumalize?"

"Malizeni," ukasema. Kisha, kabla sijapumua, ukavua sweta. "Mnashika wapi?"

Nyanchoka akakupa pembe mbili. Mkaishusha ile karatasi pamoja, wewe huku na yeye kule, ikatua juu ya weusi bila kuteleza hata unywele. Nikaushika mwiko, nikaanza kusugua pembeni badala ya katikati. Ukanitazama. Ukauchukua, ukauweka kando, ukaanza kusugua kwa kiganja.

Ulisugua kama unavyosiriba ukuta, kwa mviringo, ukiegemea, bila haraka. Nami nikaweka kiganja changu upande wa pili nikakufuata. Sijui mara ya mwisho tulifanya kazi moja kwa wakati mmoja ilikuwa lini. Vichwa vyetu vilikaribia kugusana. Ulikuwa unanuka sabuni ya kipande na moshi wa jikoni, na nikashtuka kwamba niliipenda ile harufu na sikuwahi kujua.

"Truphena." Hukuinua kichwa. "Kama ungeambiwa uchague, ungechagua hivyo. Vile imetoka."

Haikuwa hasira. Haikuwa hata swali. Ulisema kama mtu anayesema mvua itanyesha jioni. Kiganja chako hakikusimama.

Nyanchoka aliokota rola, rola ambayo ilikuwa safi, akaenda nje kuiosha. Mwalimu Shamima akakumbuka jambo kabatini.

Nilitaka kusema la, na la ilikuwa hapo, ikakataa kutoka, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimefurahi na sikujua kama nina haki ya kuitamka. Nilikuona umenisubiri kidogo. Kidogo tu. Kisha ukanitoa kwenye shida, kama ulivyonitoa kwenye shida zote, bila kutaka shukrani.

"Usijibu," ukasema. "Sikuulizi. Hata mimi ningechagua hivyo, nyathina, mtoto wangu. Siku ile hospitali, mtu akikuja aniulize, wewe ama yeye, ningesema chukueni mimi. Muache huyu. Huyu watoto wanampenda."

Huyu watoto wanampenda.

Mama, nimeshtuka mara nyingi leo, lakini hapo ndipo nilipojua maana ya neno lenyewe. Ulikuwa umelibeba hilo kutoka hospitali hadi nyumbani, ukapikia wageni nalo, ukaosha sufuria nalo. Ulikaa nalo mlangoni kila jioni, ukitazama kaburi huku na kiti kule. Hukulisema kwa uchungu. Ulilisema kama jambo la haki. Ulikuwa umepima, ukajikuta mwepesi, ukakubali.

"Vuta," ukasema. "Ama bado?"

Nikashika pembe moja. Wewe ukashika nyingine. Tukavuta.

Ilitoka hafifu, kama Mwalimu alivyosema. Minyaa ilikuwa ya kijivu, lango lilikuwa la kijivu, kila kitu kilikuwa kama kinaonekana kupitia umande. Lakini kaburi la baba lilikuwa upande wa kulia wa nyumba yake, na kiti kilikuwa kushoto, mahali ulipokiacha, kando ya uwanja wa karanga. Mwanga wa dirishani ukapenya karatasi kwa nyuma. Ule upande wako ulikuwa mtupu, na mwanga ulipita hapo bila kukutana na kitu.

"Hapa hakuna mtu," ukasema, ukipitisha kidole juu yake bila kugusa.

"Mimi la," nikasema.

"Wewe la nini?"

"Singechagua." Sauti ilitoka mbaya, ya kukwaruza, ya mtoto. "Ile ya kwanza nilipoiona, nikaona kiti chake, nilifurahi, mama. Sitakudanganya. Halafu nikaona pako. Nikakupigia simu imezimwa. Nilikaa hapa mchana wote nikidhani nimekuua. Singechagua. Nakutaka wewe uwe. Nakutaka uwe pale mlangoni nikija."

Na nilipokuwa nasema, nilishtuka kuliko asubuhi, kwa maana nilisikia kwamba ni kweli. Sikuisema ili kukufariji. Ilikuwa imekaa ndani miaka yote, chini ya baiskeli na hadithi na vicheko, na haikuwahi kudai kitu.

Hukulia. Wewe si wa kulia mbele za watu. Ulitazama dirisha kwa muda, ukafuta kiganja chako kwa karatasi kuukuu, kidole kwa kidole, wino ukakataa kutoka kwenye mikunjo.

Mwalimu Shamima akarudi, akauliza zile tatu za kamba zifanyweje, zichanwe au zichomwe. Ukafikiri. "Ziache zikauke," ukasema. "Huyu mtoto amezifanya vizuri. Hata hiyo siku itafika, si leo." Kisha ukampa zile karanga, naye akazipokea kwa mikono miwili.

Tukaikunja ile hafifu ndani ya kitambaa safi, bila kuibana. Ukavaa sweta. Ukauinua mkoba. Pale mlangoni ukageuka, nikajua kuna jambo linabisha hodi, na safari hii sikungoja libishe. Nikakufuata hadi kizingitini.

"Kumbukumbu ni Jumamosi," ukasema, ukitazama barabara. "Watu watakuwa wengi, hatutaongea. Wewe kuja Ijumaa. Kuja mapema, mimi nitakuwa pekee yangu."

"Nitakuja Alhamisi," nikasema.

Ukanitazama usoni, mama, muda mrefu, kama mtu anayesoma bila miwani. Ukanishika shavu kwa ule mkono wenye wino, ukasahau kwamba una wino, ukashuka ngazi kwenda kwa Abdishakur kutafuta kitambaa.